Ruhusa ya Kuukimbia Moto

Bi Kimya hakupewa jina hilo kwa upole wake. Alipewa kwa sababu akiingia yeye, wengine wote walinyamaza. Alikuwa msimamizi wa ukumbi wa kushonea katika kiwanda cha mashuka na sare za hospitali, huo ukiwa mwaka wake wa ishirini na tatu, na jina lile alilijua vizuri ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake. Alilipenda. Kuna watu hupewa vyeti wakavitundika ukutani. Yeye alipewa jina, akalitundika moyoni.

Hakuwa mtu wa makelele wala wa matusi. Alikaa kwenye kiti chake kirefu karibu na mlango mkubwa, miwani puani, akitazama safu sita za cherehani, na wanawake hamsini na wanane walishona wakijua wanatazamwa. Sheria yake ilikuwa moja tu: hakuna kuinuka bila ruhusa. Aliyebanwa na haja, aliyeishiwa uzi, aliyejidunga sindano kidoleni, wote walichukua kipande cha kitambaa, wakakiinua juu, wakasubiri. Bi Kimya akikubali, alitikisa kichwa mara moja. Akikataa, aliendelea kutazama kwingine. Wageni waliotembelea kiwanda walidhani huo ni utaratibu wa kisasa, wakausifu.

Hata kengele haikuwa na mamlaka mbele yake. Miaka mingi nyuma kengele ya chakula iliharibika ikalia saa tano badala ya saa saba, na wanawake tisa wakajiinukia. Bi Kimya hakusema neno. Kesho yake wote tisa walijikuta kwenye kona ya pasi za mvuke, mwezi mzima, katikati ya msimu wa joto. Waliorudi kutoka kule walikuwa wameshika adabu mpaka kwenye mifupa. Wakawasimulia wapya, na wapya wakawasimulia wapya zaidi, kila mmoja akitia chumvi yake, mpaka ikafika mahali wengine waliapa kwamba mmoja wa wale tisa hakuonekana tena. Ukweli ni kwamba aliolewa akahama mji, lakini nani ana haja na ukweli kama huo? Tangu hapo kengele ikawa kengele tu, na ruhusa ikawa Bi Kimya.

Ungemuuliza, angekwambia kwamba woga ndio uliomlea yeye mwenyewe, na hajambo mpaka leo. Kwao mama alikohoa mara moja tu, na watoto sita walijua kosa ni la nani. Msimamizi aliyemtangulia kiwandani alitembea na rula ya chuma, na haikuwa ya kupimia. Bi Kimya hakuhitaji rula. Hilo alilihesabu kuwa ni maendeleo.

Safu ya sita, cherehani ya mwisho kabisa, kwenye ukuta wa nyuma, alikaa mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Alimtafutia kazi yeye mwenyewe, kisha akamweka mbali makusudi, watu wasije wakasema anambeba. Alikuwa binti mwepesi wa mikono, mzito wa maneno, na alishona kola ambazo hazikuwahi kurudishwa hata moja. Waliishi nyumba moja. Nyumbani pia hakuinuka mezani kabla ya mama mkwe wake, na Bi Kimya alipoona hivyo siku za mwanzo alimwambia mwanawe kwa fahari, "Huyu amelelewa."

Basi mambo yalikuwa yakienda hivyo, barabara kabisa, mpaka hospitali moja kubwa iliyokuwa ikichukua mashuka yao ikataka uthibitisho kwamba wafanyakazi wa kiwanda wanajua kutoka moto ukizuka. Meneja akaleta mtu wa kuwafundisha. Alikuwa mstaafu wa kikosi cha zimamoto, mnene, mcheshi, shingo yake imekunjamana upande mmoja kwa kovu la kuungua, na saa ya kupimia mbio imening'inia kifuani. Kabla hajamaliza kujitambulisha wanawake walikuwa wameshambatiza: Zimamoto.

"Pamba ikishika moto haina mazungumzo," aliwaambia Jumatano ya kwanza, akizunguka kati ya safu. "Mnayo dakika moja na nusu, mbili nikiwapendelea. Sitaki mchukue mkoba, sitaki mchukue viatu. Mkisikia kengele, mnainuka, mnatoka kwa mlango ulio karibu, mnasimama uani mhesabiwe. Kuna swali?"

Hakukuwa na swali. Kuuliza swali mbele ya Bi Kimya kulikuwa na utaratibu wake.

Zimamoto akaenda ukutani, akaibonyeza kengele, akaishika saa yake.

Kengele ikalia. Na wanawake hamsini na wanane, kama walivyofanya kila siku ya maisha yao ya kazi, wakachukua vipande vya vitambaa, wakaviinua juu.

Ukumbi mzima ulijaa mikono. Vitambaa vyeupe, vya buluu, vya kijani cha chumba cha upasuaji, vyote juu, vimetulia, vinasubiri. Zimamoto aligeuka huku na huku akidhani labda wanamshangilia. Ilimchukua muda kuona kwamba macho yote yalikuwa yamepita juu ya bega lake na kutua kwenye kiti kirefu karibu na mlango.

"Wanafanya nini?" alimuuliza Bi Kimya.

"Wanaomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kutoka," alisema Bi Kimya, naye akatikisa kichwa mara moja.

Wakatoka. Walitoka kwa safu, bila kusukumana, mlango wa mbele safu tatu, mlango wa nyuma safu tatu, na Zimamoto alipobonyeza saa yake ilikuwa imepita dakika moja kasoro sekunde mbili tangu kichwa kile kitikiswe. Hakuwahi kuona kitu kama hicho, na alikiri. Bi Kimya alivimba kichwa, na nani angemlaumu?

"Nidhamu," alimwambia, akishuka kitini.

"Nimeiona," alijibu Zimamoto. "Na siku usipokuwepo?"

"Mimi nipo kila siku."

"Choo huendi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Bi Kimya swali la namna hiyo. Alimtazama yule mzee kwa mtazamo ambao ungemnyamazisha mshonaji yeyote mpaka wiki ya pili, lakini Zimamoto alikuwa ameshatazamana na majengo yanayowaka, akaendelea kutabasamu.

Jumatano iliyofuata alimwomba Bi Kimya atoke kidogo, asimwambie mtu, aingie stoo ya vitambaa na aache mlango wazi upana wa kidole. Alikubali kwa moyo mweupe. Aliamini anakwenda kumpa mzee yule somo. Watoto wake, alivyowaita kimoyomoyo, walikuwa wamefundishwa wiki iliyopita na hawakuwa wajinga.

Kengele ikalia. Kupitia ule upenyo Bi Kimya aliona safu tatu za mbele. Cherehani zikanyamaza moja moja. Mikono ikapanda. Vitambaa vikapanda. Nyuso zote zikageukia kiti kirefu kilichokuwa kitupu, zikasubiri.

Sekunde thelathini. Dakika. Mwanamke mmoja wa safu ya pili, mshona vifungo ambaye mdomo wake haukuwa na breki akiwa nje ya kiwanda, alichungulia mlango wa choo cha wasimamizi, akarudisha macho kwenye kiti, akabadilisha mkono maana wa kwanza ulikuwa umechoka. Dakika mbili. Kengele inalia, masikio yanauma, na hakuna anayeinuka. Dakika tatu. Kule nyuma ukutani, juu ya vichwa vyote, kitambaa kimoja cheupe kilikuwa kimesimama wima pasipo kutikisika, na Bi Kimya aliujua mkono uliokishika.

Tuseme wazi: Bi Kimya aliogopa. Hakuwa ameogopa hivyo tangu utotoni, na hakuuogopa moto, maana moto haukuwepo. Aliwaogopa wale wanawake waliotulia. Akilini akamwona mwanawe amesimama uani akiuliza mke wangu yuko wapi, na akajiona yeye akimjibu kwamba yuko ndani, ananisubiri.

Zimamoto alizima kengele ilipofika dakika ya nne. Hakuwatania safari hii. Alimfuata stoo, akamkuta amekalia mzigo wa shuka, miwani mkononi.

"Wote wamekufa," alisema kwa sauti ya chini. "Na wamekufa kwa adabu sana."

Jioni ile, jua likiwa bado limo jikoni, mkwe alikuwa akiosha vyombo na Bi Kimya akivifuta. Kwa kawaida kazi hiyo walifanya bila maneno, na Bi Kimya alikuwa akidhani huo ni utulivu.

"Kwa nini hukuinuka leo?" aliuliza.

Binti aliendelea kusugua sufuria. "Nilikuwa nakusubiri, Mama."

"Sikuwepo."

"Ndiyo maana nilikuwa nasubiri."

"Na kama ningekuwa nimekwenda nyumbani? Kama ningekuwa naumwa? Kama ningekuwa nimekufa?"

Mkwe alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Ungekuwa umekufa ningesubiri kidogo," alisema, "halafu ningemtazama mwenzangu."

"Sikutanii."

"Na mimi sitanii, Mama. Unataka nikwambie kweli?" Aliiweka sufuria chini na kwa mara ya kwanza akamgeukia. "Moto mimi siujui. Sijawahi kuuona. Wewe nakujua."

Bi Kimya alilifuta bakuli lililokuwa limeshakauka. Usiku huo alilala akiwa ameudhika, akaamka akiwa ameamua. Alikuwa mtu wa kuamua. Hata waliomchukia walimkubalia hilo. Kama yeye ndiye aliyeutia woga ndani ya ukumbi ule, basi yeye ndiye atakayeutoa, na alipanga kuumaliza kabla ya saa nne asubuhi.

Alisimama mbele ya cherehani, akapiga makofi mara moja.

"Kuanzia leo," alisema, "sitaki mtu aniogope."

"Sawa, Bi," walijibu hamsini na wanane kwa pamoja, wakainamisha vichwa.

"Na vitambaa vya ruhusa nimevifuta. Mwenye haja aende."

"Sawa, Bi."

Hakuna aliyekwenda. Saa tatu ikapita, saa nne, saa tano. Zamani angalau walijua namna ya kuomba. Sasa njia ya kuomba imefungwa na ya kuondoka hawaioni. Wakabana. Mshona vifungo alikuwa amekunja miguu mpaka goti limepanda juu ya goti na jasho linamtoka usoni kana kwamba yuko kwenye pasi. Ilipofika saa sita Bi Kimya alilazimika kupita safu hadi safu akimwambia kila mmoja, kwa jina, aende chooni. Walikwenda kwa foleni. Mle chooni, alisimuliwa baadaye, walikubaliana kwamba huu ni mtego, na kwamba wa kwanza kuamini ndiye atakayeoneshwa cha mtema kuni.

Alimweleza Zimamoto hayo yote Jumatano ya tatu, wakiwa uani, na alimweleza kwa uchungu, maana hakuwa na mazoea ya kushindwa.

"Umewaamuru wasikuogope," alisema Zimamoto. "Wametii. Unataka nini tena?"

"Usinichezee."

"Sikuchezei. Nimewahi kuingia nyumba inawaka, nimemkuta mtu mzima amekaa kitandani ananitazama. Mlango upo hatua tatu. Nikamuuliza, mbona hutoki? Akaniambia, baba alisema tusitoke. Watu wanadhani woga unakimbiza. Wakati mwingine unakalisha." Alijikuna kwenye kovu. "Kutoka kwa amri yako wanaweza. Kutoka bila wewe hawawezi. Kwa hiyo lazima wajifunze kutoka na wewe ukiwa umewakataza. Wakiweza hilo, yaliyobaki ni mepesi."

Bi Kimya aliona vizuri anachoombwa. Anaombwa akae kwenye kiti chake na afundishe watu kumpuuza, yeye ambaye alikuwa amejenga kila kitu chake juu ya kutopuuzwa. Akapiga moyo konde, akaingia ndani.

Akawaeleza zoezi. Kengele italia, yeye atasema kaeni, nao watatoka. Aliwaeleza mara mbili, polepole, kama mtu anayeeleza njia. Akapanda kitini. Kengele ikalia.

"Kaeni," alisema Bi Kimya.

Wakakaa. Kuna mmoja aliyekuwa ameinua kiuno nusu, akakirudisha haraka mpaka nguo yake ikanasa kwenye cherehani.

Zimamoto alizima kengele, akatazama dari. Wakarudia. Wakakaa. Wakarudia tena. Mara ya nne Bi Kimya alishuka kitini, akaenda akasimama katikati, mahali ambapo mtu wa safu ya sita angemsikia bila yeye kupaza sauti.

"Nisikilizeni," alisema. "Siku yangu ya kwanza kwenye kiti kile nilikuwa na miaka thelathini na moja. Wengi wenu hamkuwepo, na waliokuwepo walikuwa wakubwa kwangu, walinifundisha kutia uzi. Nilikuwa natetemeka. Nilisema moyoni, hawa wakijua sijui kitu, nimekwisha. Basi nikanyamaza. Nikaona mkinyamaza na nyinyi. Nikasema, kumbe. Nikaendelea kunyamaza miaka yote hii." Akavuta pumzi. "Sikuwa na kitu kingine mfukoni. Mlikuwa mnaogopa mtu anayeogopa. Sasa mmejua, na Zimamoto shahidi. Wale tisa wa kwenye pasi, niliwaonea. Kengele ililia, walifanya walichofundishwa. Wawili kati yao wamo humu ndani, nawaona. Nisameheni."

Kimya kilichofuata hakikuwa kile alichokizoea. Watu walitazamana. Mmoja wa wale wawili, mama mwenye mvi wa safu ya kwanza, alivua miwani yake akaisafisha kwa upindo wa shuka la hospitali, jambo ambalo lilikuwa kosa kubwa, na Bi Kimya akaliona, akalimeza.

Akarudi kitini. "Kengele," alimwambia Zimamoto.

Ikalia.

"Kaeni."

Hakuna aliyetikisika. Kisha kule nyuma kabisa kiti kikaburuzwa sakafuni. Mkwe alikuwa amesimama. Alikuwa ameshika ukingo wa cherehani kwa mikono miwili, na hata kwa mbali Bi Kimya aliona kifua chake kikipanda na kushuka.

"Kaa chini," alimwambia, na alilisema kwa sauti ileile ya nyumbani, maana zoezi ni zoezi.

Binti aliachia cherehani. Akaenda mlangoni. Hakukimbia, alitembea kama mtu anayepita juu ya ubao mwembamba, na alipofika mlango wa nyuma akaufungua na mwanga ukaingia. Mshona vifungo akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Mkwe wake mwenyewe ametoka, mimi nangoja nini?" Akainuka. Baada yake ilikuwa kama mfuko wa mtama uliotoboka. Dakika moja na sekunde arobaini, ukumbi ulikuwa mtupu, na Bi Kimya amekaa juu ya kiti chake akisema "kaeni" mbele ya cherehani hamsini na nane.

Lilimuuma. Asikudanganye mtu kwamba mambo kama hayo hayaumi. Lakini chini ya maumivu kulikuwa na kitu kingine, kama mtu aliyeshusha mzigo kichwani na shingo bado haijaamini.

Cheti ambacho hospitali ilikitaka kilitolewa. Zimamoto aliaga, akaenda kwenye viwanda vingine. Katika wiki zilizofuata ukumbi ulibadilika kidogo kidogo. Watu walikwenda chooni wakiwa na haja na si wakiwa na ruhusa. Minong'ono ikazaliwa, ikakua, ikawa mazungumzo. Bi Kimya aliambiwa mambo ambayo kwa miaka ishirini na mitatu hakuna aliyemwambia: kwamba taa ya safu ya nne inapepesa, kwamba mlango wa nyuma unakwama wakati wa mvua, kwamba mfano wa kola wa mwaka ule ulikosewa tangu mwanzo na wote walijua. Alirekebisha kimoja baada ya kingine. Kazi haikupungua, nalo hilo lilimshangaza zaidi kuliko alivyopenda kukiri.

Lakini zoezi ni kitu kimoja. Siku yenyewe ilikuja Jumanne moja, saa nne na nusu asubuhi, wakati mbaya kuliko wote. Mashuka mia sita yalitakiwa kuondoka saa sita. Lori lilikuwa limeshaegeshwa, dereva anasoma gazeti juu ya usukani, na Meneja ameshakuja mara tatu kuchungulia. Bi Kimya alikuwa akihesabu marobota kichwani alipoisikia ile harufu.

Ilikuwa harufu ya mpira unaoungua, na aliijua kama anavyoijua sabuni yake. Ni mkanda wa mota ya mojawapo ya mashine kubwa za kukatia. Ukichakaa huteleza, ukiteleza hupata joto, hutoa moshi kidogo halafu hukatika. Alikuwa ameinusa harufu hiyo labda mara thelathini maishani. Uzi mwembamba wa moshi ulikuwa ukipanda kutoka upande wa meza ya kukatia. Cherehani za safu ya tano zilinyamaza, kisha za nne.

"Ni mkanda," alisema Bi Kimya. "Kaeni, malizeni kazi. Fundi anakuja."

Hakuwa akifanya zoezi. Alimaanisha kila neno, na alikuwa na hakika kuliko alivyokuwa na hakika na siku ya wiki.

Mkwe wake akasimama.

"Nimesema ni mkanda," alirudia Bi Kimya.

"Nimesikia, Mama," alisema binti. Akaenda ukutani, akaibonyeza kengele kwa gumba, akaufungua mlango wa nyuma.

Wote wakatoka. Walitoka mbele ya macho yake, mashuka yakiwa yamebaki chini ya sindano, mengine nusu upindo, huku lori limesimama nje na saa inakwenda. Mama mwenye mvi alipompita alimgusa mkono na kumwambia, "Na wewe twende, Bi." Hakwenda. Alibaki amekaa kwa hasira, akihesabu dakika zinazopotea. Halafu moshi ukamkwaruza koo akakohoa, akajiona alivyo: mwanamke peke yake, juu ya kiti kirefu, katikati ya pamba, akiwa na hakika. Akashuka. Alitoka akiwa mtu wa mwisho.

Fundi aliingia na chombo cha kuzimia moto kwapani. Baada ya dakika tano akatoka ameshika mkanda mweusi uliokatika, bado unanuka.

"Mkanda tu," alisema.

Bi Kimya alikuwa sahihi. Pale uani kila mtu alijua kwamba alikuwa sahihi, na ukimya ukaanza kuwashukia wanawake wale, ule wa zamani. Aliuona ukishuka. Mabega yaliinama. Mshona vifungo, aliyekuwa akisimulia kitu, alikatisha sentensi katikati. Meneja alikuja mbio kutoka ofisini, shati limemtoka.

"Lori linaondoka saa sita," alisema. "Saa sita. Kwa ajili ya mkanda mmoja? Nani amewaruhusu kutoka?"

Jozi hamsini na nane za macho zilimgeukia Bi Kimya.

Alilijua jibu walilokuwa wakilisubiri, na alijua lingefanya kazi gani. Hakuhitaji hata adhabu. Angesema tu, niliwaambia, na lisingekuwa neno la uongo. Wangerudi vitini mwao na wasingeinuka tena, si kwa kengele, si kwa moshi, si kwa chochote, na yule aliyeshona kola kwenye ukuta wa nyuma angekuwa wa mwisho kuinuka kuliko wote.

"Hawakuruhusiwa," alisema. "Mimi niliwakataza."

Meneja alimtazama asielewe. "Sasa?"

"Sasa wametoka. Watu hamsini na wanane, dakika moja na robo, na wameniacha mimi ndani. Mimi ndiye niliyekosea."

"Lakini ulikuwa sahihi. Ni mkanda."

"Leo ni mkanda," alisema Bi Kimya.

"Na kesho je, wakinusa tena?" aliuliza Meneja, sasa akiwatazama wao. "Tutasimamisha kazi kila mtu akikohoa?"

Ulikuwa usemi wa kuwakalisha, na kwa kitambo ulielekea kufaulu. Kisha mkwe alisogea mbele. Uso wake ulikuwa umepauka, vidole vimekunja ukingo wa aproni, na sauti ilipotoka ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Kesho tukinusa tutatoka tena," alisema. "Hata Mama akitukataza."

Alikuwa akimtazama Meneja aliposema nusu ya kwanza. Nusu ya pili aliisema akimtazama mama mkwe wake, machoni, na hakuinamisha kichwa. Bi Kimya alitaka kusema kitu cha kumrudisha mahali pake. Ulimi wenyewe ulishajiandaa, kwa mazoea. Akauzuia. Alimfikiria mwanawe, ambaye wakati huo yuko kazini kwake, hajui lolote, na ambaye jioni atarudi nyumbani amkute mkewe.

"Umemsikia, bosi," alisema.

Meneja alichomeka shati lake na kwenda kuzungumza na dereva. Fundi akasema moshi umekwisha, mkanda mpya ataufunga sasa hivi, wanaweza kuingia.

"Haya," Bi Kimya aliwaambia wanawake. "Turudini."

Wengine walianza kwenda. Lakini mshona vifungo alikuwa ameshika tena kisa chake pale alipokikatiza, mkwe alikuwa anacheka akiwa ameziba mdomo kwa mkono, na kundi lile lote la safu ya pili na ya sita lilibaki pale pale juani likitaka kwanza kujua mwisho wake.

Bi Kimya alikuwa ameshafika mlangoni. Alitazama lori, akatazama saa, akawatazama. Akasimama akawasubiri.